Mama Mary Alphonsa na Kitanda cha Maskini Asiyepona

Katika kazi za padre hakuna inayomwachia mawazo mengi kuliko kuitwa usiku kwa mgonjwa aliye karibu kufa. Tumeitwa hivyo mara nyingi. Na mara nyingi tumemkuta mgonjwa amelazwa chumba cha ndani peke yake, hali ndugu zake wamejaa uani wakifanya hesabu: ng'ombe yupi auzwe, shamba lipi liwekwe rehani, nani apigiwe simu mjini alete fedha, ili mgonjwa apelekwe hospitali ya tatu, baada ya zile mbili zilizokwisha kusema kwamba dawa ya kumponya haipo. Katika ndugu hao hakuna aliye mbaya. Wote wampenda mgonjwa wao. Lakini shughuli ya fedha imewaondoa wote kitandani pake, naye, anayesikia kila neno kupitia ukutani, hana wa kumnywesha maji.

Jambo hili si la nyumba moja wala la kabila moja. Popote penye mgonjwa asiyepona yapo maswali mawili. Ikiwa dawa ya kumponya haipo, je, tungali na deni kwake? Na gharama za siku zake za mwisho ni nani wa kuzichukua? Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyeyajibu maswali hayo kwa mikono yake mwenyewe, katika mji wa New York, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake la nyumbani lilikuwa Rose Hawthorne. Katika utawa aliitwa Mama Mary Alphonsa.

Rose alizaliwa tarehe 20 Mei 1851 huko Lenox, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Nathaniel Hawthorne na mkewe Sophia. Baba yake ni mmoja wa waandishi mashuhuri kabisa wa Marekani. Kitabu chake The Scarlet Letter, kilichotoka mwaka 1850, chasomwa shuleni hata leo. Ukoo wao ulikuwa wa Waprotestanti tangu zamani, na wazee wao walikuwa wale Wapuritani wakali waliovuka bahari kutoka Uingereza. Hapana mtu ambaye angalidhani kwamba katika nyumba ile angetoka mtawa wa Mtakatifu Dominiko.

Mwaka 1853 baba alipewa kazi ya kuwa konseli wa Marekani katika bandari ya Liverpool, nchini Uingereza, na jamaa yote ikahamia huko. Yapo mambo yaliyompata baba huko ambayo hatuna budi kuyaeleza, kwa kuwa yaligusa maisha yote ya binti. Siku moja mwaka 1856 alikwenda kuitazama nyumba ya kuwatunzia mafukara. Humo alikuwamo mtoto mdogo mwenye macho mabovu na ngozi iliyoharibika kwa ugonjwa, hata haikujulikana kama ni mvulana au msichana. Mtoto yule akamwandama mgeni, akamshika koti, akasimama mbele yake akitaka kubebwa. Hawthorne alikuwa mtu wa haya, mwenye kuchukia uchafu kwa tabia yake. Alisita. Mwisho akamwinua, akambeba kitambo, akamtua. Alipokisimulia kisa hicho katika kitabu mwaka 1863 alikieleza kama cha mtu mwingine. Ni baada ya kufa kwake, daftari zake zilipopigwa chapa, ndipo watu walipojua kwamba mtu yule alikuwa yeye mwenyewe. Rose alipokuwa mtu mzima aliona kwamba katika yote aliyoyaandika baba yake hakuna lililo kubwa kuliko habari hiyo fupi.

Kutoka Uingereza walikwenda Italia mwaka 1858. Husimuliwa kwamba Rose, mtoto wa miaka saba hivi, alipokuwa akikimbia katika bustani za Vatikano alimgonga Papa Pio wa Tisa, na Baba Mtakatifu akamwekea mkono kichwani na kumbariki. Mwaka 1860 walirudi Marekani, wakakaa Concord. Huko raha yao haikudumu. Baba alifariki tarehe 19 Mei 1864, na kesho yake Rose alitimiza miaka 13. Mama alifariki London mwaka 1871. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Rose, msichana wa miaka 20 asiye na baba wala mama, aliolewa na kijana mwandishi wa Kimarekani, George Parsons Lathrop.

Ndoa yao ilikuwa na furaha chache na majonzi mengi. Mwaka 1876 walijaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Francis. Mwaka 1881 mtoto huyo akafa kwa ugonjwa wa dondakoo, kabla hajatimiza miaka mitano, wala hawakupata mtoto mwingine. Rose aliendelea kuandika hadithi na mashairi. Kitabu cha mashairi yake kilitoka mwaka 1888. George naye alikuwa mtu wa akili na kipaji, lakini pombe ilizidi kumtawala. Tarehe 19 Machi 1891, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, wote wawili walipokewa katika Kanisa Katoliki huko New York, jambo lililowashangaza sana rafiki zao. Walitumaini pengine kwamba imani moja ingeiponya nyumba yao. Haikuwa hivyo. Mwaka 1895, baada ya kuvumilia mengi, Rose aliomba ruhusa ya Kanisa kukaa mbali na mumewe, akapewa. Ndoa ilibaki ndoa mpaka George alipofariki mwaka 1898. Hatulitaji jambo hili kana kwamba ni dogo. Twalitaja kwa sababu wapo wasomaji wetu waliobeba msalaba wa namna hiyo, nao wadhani kwamba maisha yao yamekwisha haribika na hayana tena kazi mbele ya Mungu.

Basi huyo ndiye mwanamke tunayemwona mwaka 1896: miaka 45, bila mume, bila mtoto, bila mali ya maana, mwenye jina kubwa la baba yake tu. Afanye nini?

Kwa miaka kadhaa mambo mawili yalikuwa yakimchoma moyoni. La kwanza ni kifo cha rafiki yake, Emma Lazarus, yule Myahudi mtunga mashairi ambaye shairi lake limewekwa katika Sanamu ya Uhuru ya New York. Emma alifariki mwaka 1887 kwa ugonjwa wa kansa, ambao siku hizi twauita pia saratani. Aliumwa sana, lakini jamaa zake walikuwa matajiri. Hakukosa daktari, wala kitanda safi, wala watu wa kumtunza usiku na mchana. La pili ni habari aliyoisikia ya mwanamke mwingine, mshona nguo, aliyekuwa akijipatia riziki kwa sindano yake. Naye alishikwa na kansa. Fedha zake zikaisha. Alipokuwa hana tena cha kulipa, na madaktari hawana tena cha kumfanyia, alipelekwa Blackwell's Island, kisiwa kilicho katika mto ule upitao kando ya New York. Kisiwa hicho ndicho walikotupwa mafukara wa mji, na gereza lilikuwako hukohuko. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika mfuko.

Tusidhani kwamba watu wa New York walikuwa wakatili kuliko sisi. Hospitali zao zilikuwa na vitanda vichache, zikaviweka kwa ajili ya wale wawezao kupona. Mgonjwa asiyepona aliambiwa aondoke ampishe mwingine. Akirudi kwenye chumba cha kupanga alifukuzwa, kwa sababu watu wengi wakati ule waliamini kwamba kansa yaambukiza, na vidonda vyake vina harufu ngumu kuvumilia. Jamaa zake wakiwa maskini walilazimika kwenda kibaruani mchana kutwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na mwisho wa sababu zote ni kisiwa kile.

Rose hakuanza kwa kuunda chama wala kuitisha mkutano. Alianza kwa kujifunza kazi. Katika majira ya joto ya mwaka 1896 aliingia Hospitali ya Kansa ya New York kufundishwa uuguzi kwa miezi mitatu. Yule binti aliyelelewa kati ya vitabu na picha, ambaye hakuwahi kusafisha kidonda kikubwa, sasa alifundishwa kuosha na kufunga vidonda vya usoni vilivyokula mdomo na pua. Siku za kwanza karibu ashindwe. Lakini alikuwa amekusudia kuishinda nafsi yake, tena kuishinda kabisa, ili mgonjwa asipate kamwe kuona dalili ya kinyaa katika uso wake. Alijua kwamba mtu anayeoza mwili huyatazama macho ya mwenzake kwanza kuliko dawa aliyoishika.

Mafunzo yalipokwisha alipanga vyumba vichache katika Scammel Street, mtaa wa maskini wa upande wa mashariki wa mji ule, walikojazana wageni kutoka nchi nyingi za Ulaya. Alisugua sakafu mwenyewe, akapaka rangi kuta mwenyewe, akaanza kuwaendea wagonjwa majumbani mwao. Wengine walimjia kufungwa vidonda. Punde akampokea bibi mmoja maskini aliyekuwa amemfahamu pale hospitali, mwenye kansa ya uso, akakaa naye kama mtu wa nyumbani. Baadaye akahamia nyumba nyingine, katika Water Street, akaongeza vitanda.

Na fedha je? Hapa ndipo maisha ya mama huyu yanapotufundisha zaidi. Kodi ya nyumba, makaa ya kuotea moto, mkate, maziwa, bandeji, vyote vilitaka fedha, naye hakuwa nazo. Alitumia kidogo alichokuwa nacho. Mwaka 1897 alitoa kitabu cha kumbukumbu za baba yake, na mapato ya kalamu yake yakaenda kwa wagonjwa. Kisha akaandika katika magazeti, akaeleza wazi hali ya wale wasiopona, akaomba. Watu wakaleta, mwingine nguo kuukuu, mwingine dola moja. Mark Twain, mwandishi maarufu ambaye hakuwa Mkatoliki wala mtu wa kuwasifu watu wa dini ovyo, alikuwa mmoja wa waliomsaidia. Lakini katika kuomba kwake kote kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuugonga: mlango wa mgonjwa. Aliweka sharti kwamba mgonjwa asitozwe hata senti, wala jamaa zake wasitozwe, wala fedha za serikali zisipokewe kwa ajili yake.

Wapo walioliona sharti hilo kuwa la ukaidi. Kwa nini jamaa wenye uwezo kidogo wasichange kidogo? Sisi twaona kwamba Rose aliona mbali. Palipo na kulipa pana daraja: huyu alipaye atapewa kitanda cha dirishani, na yule asiyelipa atawekwa karibu na mlango. Palipo na kulipa, mgonjwa mwenyewe huhesabu siku zake kama mtu ahesabuye deni, akiona aibu kwa kuchelewa kufa. Ni mangapi ya namna hiyo tumeyasikia katika vitanda vya wagonjwa wetu, mzee akiomba msamaha kwa wanawe kwa sababu bado yu hai! Rose alitaka katika nyumba yake awepo mtu asiyedaiwa kitu. Gharama ilikuwapo, tena kubwa. Yeye aliiondoa tu mabegani mwa mgonjwa, akajitwika yeye na wote waliokubali kusaidia.

Mwaka 1897 alifika kwake msichana mmoja mchoraji wa picha, Alice Huber, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, binti wa daktari. Alice alikuja akiahidi kusaidia alasiri moja tu kwa juma. Harufu ya nyumba na vidonda vilimtisha. Hakupenda kitu chochote katika kazi ile. Lakini alirudi juma la pili, na la tatu. Mwezi Machi 1898 alihamia moja kwa moja, wasiachane tena mpaka kufa. Twaona vema kulitaja jambo hili kwa ajili ya wasichana wetu wanaodhani kwamba mwito ni kupenda kazi tangu siku ya kwanza. Alice hakuipenda kazi. Aliwapenda wagonjwa, na kazi ikafuata.

Mwaka 1899 walinunua nyumba katika Cherry Street, wakaiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Rosa wa Lima. Padre mmoja Mdominiko, Clement Thuente, alipokuja kumtazama mgonjwa aliona jinsi walivyoishi, akawashauri waingie Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko. Walifanya hivyo mwaka uleule, kwa ruhusa ya Askofu Mkuu Michael Corrigan wa New York. Tarehe 8 Desemba 1900, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, walivaa kanzu ya kitawa na kufunga nadhiri. Rose akawa Sista Mary Alphonsa, na Alice akawa Sista Mary Rose. Mwaka 1901 walipata nyumba ya pili, juu ya kilima nje ya mji, iliyokuwa ya mapadre Wadominiko wa Kifaransa. Wakaiita Rosary Hill, maana yake Kilima cha Rozari. Kijiji chenyewe sasa chaitwa Hawthorne.

Katika nyumba hizo Mama Alphonsa alishika kanuni chache bila kulegea. Mgonjwa apokewe kwa sababu mbili tu: hana dawa, wala hana fedha. Asiulizwe dini yake wala taifa lake kabla ya kufunguliwa mlango. Asifanywe chombo cha majaribio ya waganga. Asionyeshwe kinyaa. Awe na bustani ya kutazama, na ndege, na mbwa wa kucheza naye ikiwa apenda, kwa maana yeye si mfungwa bali ni mgeni wa nyumba, na katika mgeni huyo masista wamwona Kristu mwenyewe. Walio Wakatoliki wapate Sakramenti mapema; wasio Wakatoliki waheshimiwe. Hakuahidi kumponya mtu. Aliahidi kutomwacha.

Aliishi hivyo miaka 30. Mwaka 1925 chuo cha Bowdoin, alikosoma baba yake, kilimpa shahada ya heshima. Yeye hakuwa na nafasi ya kujisifu kwa shahada, kwa kuwa nyumba ya kilimani ilikuwa ya mbao kuukuu, naye alilala kwa hofu kwamba moto ukizuka wagonjwa wasioweza kutembea wangeteketea. Katika uzee wake kalamu haikutoka mkononi: barua baada ya barua, kuomba fedha za kujenga nyumba isiyoshika moto. Jioni ya siku zake za mwisho ilimkuta angali akiandika. Alfajiri ya tarehe 9 Julai 1926 alikutwa amefariki katika usingizi. Siku hiyo ilikuwa ukumbusho wa ndoa ya baba na mama yake, waliooana tarehe 9 Julai 1842.

Sista Mary Rose alishika mahali pake, na nyumba ile ikajengwa. Masista wao wakafungua nyumba nyingine, miongoni mwazo ile ya Philadelphia mwaka 1930 na ile ya Atlanta mwaka 1939. Hata leo hawapokei malipo kwa mgonjwa, wala kwa jamaa zake, wala kwa serikali, wala kwa bima. Waishi kwa sadaka. Mwaka 2003 Jimbo Kuu la New York lilianza kuchunguza maisha ya Mama Alphonsa, na mwezi Machi 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alimpa cheo cha Mheshimiwa, kilicho hatua kabla ya kuitwa Mwenye Heri.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Masista wa Mapendo wa Ireland walikuwa wamefungua nyumba ya namna hiyo huko Dublin mwaka 1879, na nyingine London mwaka 1905. Katika nyumba hiyo ya London alifanya kazi daktari Cicely Saunders tangu mwaka 1958, akajifunza kuyatuliza maumivu kwa kumpa mgonjwa mofini kwa saa maalumu, bila kungoja kwanza alie. Naye mwaka 1967 akafungua nyumba ya St Christopher's, iliyosambaza mafunzo hayo duniani. Katika Afrika ya Mashariki hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Kampala ilianza mwaka 1993 kwa juhudi ya daktari Anne Merriman, na huko mofini ya maji ya kunywa, yenye bei ndogo, ilianza kupelekwa kwa wagonjwa majumbani mwao. Utunzaji huo twauita leo tiba shufaa.

Huko Marekani alikozaliwa Mama Alphonsa, tangu sheria ya mwaka 1982 bima ya serikali ya wazee hulipia hospisi kwa mgonjwa ambaye madaktari wamethibitisha kwamba huenda asiishi zaidi ya miezi sita. Siku hizi karibu nusu ya wazee wanaofariki chini ya bima hiyo hupitia hospisi. Ni neema kubwa. Lakini yapo mambo mawili ya kufikiri. Karibu robo ya fedha zote za bima hiyo hutumika kwa watu walio katika mwaka wao wa mwisho wa maisha, na wengi wao hufikishwa kwenye hospisi siku chache tu kabla ya kufa, baada ya mashine na sindano nyingi. Tena, zaidi ya nusu ya hospisi za nchi ile sasa ni za biashara ya kutafuta faida. Tofauti ile ya mfuko aliyoikimbia mshona nguo wa New York haijaondoka duniani, imebadili mavazi.

Nasi je? Kwanza yatupasa kujua Mama Kanisa afundisha nini, kwa maana wako waamini wanaouza kila kitu kwa kuogopa dhambi. Papa Pio wa Kumi na Mbili alilieleza jambo hili mwaka 1957 mbele ya madaktari, na Katekisimu ya Kanisa yafundisha hivyo hivyo. Twapaswa kuutunza uhai kwa njia za kawaida: chakula, maji, usafi, dawa zenye kufaa. Hatulazimiki kushika njia zilizo nzito kupita kiasi, zenye mzigo mkubwa kwa mgonjwa au kwa jamaa yake na zisizo na tumaini la maana. Kuziacha njia hizo si kumwua mtu. Ni kukubali kwamba sisi ni viumbe. Kumwua mgonjwa, hata kwa huruma, ni dhambi kubwa daima. Lakini kumpa dawa ya kutuliza maumivu si dhambi, hata ikiwa dawa hiyo yamtia usingizi. Mkristu halazimishwi kufa akipiga kelele.

Basi baba na mama wa jamaa, siku daktari atakapowaambia kwamba hakuna dawa, mwulizeni kwa utulivu: safari hii mpya, upasuaji huu, vitamzidishia mgonjwa nini, na vitamwondolea nini? Mwulizeni mgonjwa mwenyewe, maana maisha ni yake, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa. Ulizeni ni wapi ipatikanapo tiba shufaa. Mwiteni padre mapema, angali na nguvu ya kuungama na kupokea Komunyo, wala msimngojee mpaka ulimi umefungwa. Gawanyeni zamu ya kukaa naye. Na ninyi wa jumuiya ndogo ndogo, mnaochanga kwa wepesi fedha za jeneza na za chakula cha matanga, changeni angali hai: sabuni, maziwa, shuka, usiku mmoja wa kukesha ili binti yake apate kulala.

Ng'ombe huenda auzwe. Hatusemi kwamba asiuzwe kamwe. Ipo dawa inayoponya, na kwayo baba mwema atauza hata koti lake. Twasema tu kwamba siku dawa hiyo haipo, mapendo hayajaishiwa na kazi. Kazi yake siku hiyo haihitaji ng'ombe. Yahitaji mtu mmoja aondoke uani, aingie chumba kile cha ndani, achukue kikombe cha maji, amtazame mgonjwa usoni bila kugeuka, akae.